Sifuri nukta moja ya tabibu wa Mbagala

Kwenye zahanati moja ya Mbagala, hatua chache kutoka barabara iendayo Rangi Tatu, yupo kijana ambaye mtaa mzima humwita dokta. Kwa karatasi si daktari. Ni tabibu: ana stashahada ya utabibu, leseni hai na miaka minane ya kuamshwa usiku. Ameshona vidole vya maseremala, amewatundikia dripu watoto walioletwa wakiweweseka kwa malaria, na mara kadhaa amekimbilia barabarani kusimamisha bajaji ili mjamzito afike hospitali ya Temeke kabla hakujapambazuka. Mwezi uliopita nilikwenda kwake kupima presha. Alipoinama kutafuta kifaa, nikaona chini ya daftari la wagonjwa kitabu cha Fizikia cha kidato cha tano na sita, kurasa zimekunjwa masikio kwenye sura ya vitu vinavyorushwa hewani. Jiwe likirushwa kwa pembe fulani na kasi fulani, litatua umbali gani.

"Dokta, una mtoto wa sekondari?"

"Hapana, mzee wangu. Changu hicho. Narisiti."

Ana miaka 31. Anataka kusoma shahada ya udaktari wa tiba, ile MD, na mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haujamnyima njia. Mwenye stashahada ya utabibu anaruhusiwa kuomba, mradi awe na wastani wa B au GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote kwa namba, isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya msingi ya kidato cha nne. Ya kidato cha nne anayo yote. GPA yake ni 2.9.

Nilimwomba karatasi ya matokeo, tukakaa nayo kwenye benchi la wagonjwa. Katika kipimo kinachotumika kwenye stashahada, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Somo lenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya masomo yote, likipanda kutoka C hadi B, linaongeza ile 0.1 kamili. Somo moja basi. Mwaka mmoja akiwa chuoni mama yake alilazwa mara mbili, na yeye ndiye mtoto aliyekuwa karibu, kwa hiyo ndiye aliyelala kwenye korido za wodi. Mitihani akaifanya. Hakupata sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja, jambo analolisema kwa fahari, ila C zilikuwa nyingi kuliko alivyozoea. Kilichoniuma si hiyo C. Ni kwamba namba ile haina tarehe ya kuisha. Leseni yake huhuishwa, mafunzo kazini yanahesabiwa, hata kile kifaa cha presha kinatakiwa kukaguliwa. Ile 2.9 iko palepale, kama alama ya chanjo begani.

Kwa hiyo amerudi kwenye mlango mwingine, wa kidato cha sita. Mara ya kwanza Fizikia ndiyo iliyomwangusha, alipata S, alama iliyo juu ya F tu. Sasa anarudia masomo yote matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea, akitoka zamu ya usiku anakunywa chai ya rangi, analala kwa saa tatu tu, kisha anarusha mawe kwenye daftari.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kuhusu namba zenyewe, maana hapa mjini akili moja inaweza kupewa namba tatu zinazopingana. Baraza la Mitihani, NECTA, linapopanga divisheni za kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, na kuendelea hadi F ambayo ni 7. Pointi chache ndizo nzuri, na wani, yaani divisheni ya kwanza, huanzia 3 hadi 9. Matokeo hayohayo yakifika kwenye udahili wa chuo kikuu, yanageuzwa kichwa chini miguu juu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti mwenye A tatu ana pointi 3 kwa NECTA na 15 kwa chuo. Nimewahi kumsikia mama mmoja kwenye daladala la Mwenge akisema binti yake amepata pointi nane, jirani yake akampa pole. Ilikuwa wani ya nane, ya kumpa hongera.

Tumewahi hata kuchanganya zaidi. Mwaka 2014 GPA ikaletwa sekondari, divisheni zikawekwa kando, wazazi wakawa wanatafuta mtu wa kuwasomea matokeo ya watoto wao. Mapema mwaka 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza divisheni zirudi. Sijawahi kukutana na aliyeililia ile GPA.

Namba ya tatu inatoka nje. Vijana wanaotaka udaktari husoma mitandaoni ushauri ulioandikwa kwa Wamarekani, na huko neno ni hilohilo, GPA, lakini dari yake ni 4.0. Vyuo vyetu vingi hupima hadi 5.0. Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye 3.8 yuko daraja la pili la juu, na anastahili heshima yake. Akisoma kwamba wastani wa waliochukuliwa vyuo vya udaktari vya Marekani ni karibu 3.8, anajiona kafika. Hajafika. Ile 3.8 yao inagusa dari, yake ina ngazi nzima juu yake.

Turudi nyumbani. Kosa kubwa tunalofanya tunapozungumzia alama na udaktari ni kuchanganya kizingiti na foleni. Kile kinachoandikwa kwenye mwongozo wa TCU ni kizingiti: ukiwa chini yake huruhusiwi kuomba. Ukiwa juu yake umeruhusiwa kupanga foleni, basi. Foleni ya MD ni habari nyingine. Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, wanaelekea kwenye vyuo vichache vilevile. Kwa hapa Dar es Salaam kuna Muhimbili, yaani MUHAS, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kuna Kairuki pale Mikocheni, kilichoanzishwa mwaka 1997. Na kuna Kampala International tawi la Tanzania, Gongo la Mboto. Wengine wanatazama KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara. Muhimbili ndiyo kila mtu anayoiandika ya kwanza, kwa sababu ya jina na kwa sababu ada ya chuo cha serikali haimfanyi baba auze kiwanja.

Matokeo yake, mwanafunzi aliyevuka kizingiti vizuri tu, tuseme ana C tatu, anaingia kwenye foleni ambayo mbele yake wamejaa watu wa A na B. Anaomba awamu ya kwanza, hapati. Ya pili, hapati. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba kuna mtu kapenyeza mtoto wake. Mara nyingi hakuna aliyepenyeza kitu. Ni foleni, na hakuna aliyemwambia urefu wake.

Hapo ndipo nina ugomvi na utaratibu wetu. Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi mengi yalipita kwenye mfumo wa pamoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na akichaguliwa zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Ni vizuri, chuo kinachagua watu wake. Lakini kizingiti kinatangazwa nchi nzima, ilhali alama ya mtu wa mwisho kuchukuliwa kwenye MD mwaka jana haibandikwi pembeni yake kwenye mwongozo uleule. Kuitangaza hakuhitaji bajeti wala kamati. Ni namba moja kwa kila kozi na kila chuo: kidato cha sita wa mwisho aliingia na pointi ngapi, mwenye stashahada wa mwisho aliingia na GPA ngapi. Kijana wa C tatu angeiona, akaamua mapema: aombe chuo cha mkoani, aombe uuguzi au famasia, ama akarisiti akijua anakimbizana na nini. Na tabibu wangu wa Mbagala angejua kama hiyo 3.0 anayoililia ingemfikisha popote, maana huenda waliochukuliwa walikuwa na namba za juu kabisa na yeye analia mlangoni pa nyumba iliyojaa.

Nilipomwambia hivyo alicheka. "Basi bora nisijue, mzee."

Sasa Marekani, kwa kuwa ndiko wengi wanakochota mawazo yao. Kule MD haianzi baada ya sekondari. Kwanza mtu anamaliza shahada ya miaka minne, ya kitu chochote, ila asikose Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kisha anafanya mtihani uitwao MCAT, wenye alama kati ya 472 na 528. Kisha ndipo anaomba. Mwaka wa masomo wa 2023/24 waombaji walikuwa kama 52,600, walioanza darasa wakawa karibu 23,000. Wastani wa walioingia ulikuwa GPA ya karibu 3.8 kati ya 4.0 na MCAT ya karibu 512. Ofisi inayopokea maombi haichukui GPA iliyopigwa na chuo. Inakokotoa upya yenyewe, inatenga ya masomo ya sayansi na ya mengine, na ukirudia somo inahesabu mara zote mbili. Kule huwezi kuifuta C.

Lakini kuna kitu ambacho miaka minne inawapa, nasi hatuna. Inawapa mstari. Mwanafunzi aliyeanza na 2.8 mwaka wa kwanza, akapanda 3.3, akapanda 3.7, akamaliza na 3.9, na yule aliyeanza na 3.9 akashuka hadi 2.8, wanaweza kutoka na wastani unaolingana. Msomaji wa maombi anaona ni watu wawili tofauti kabisa. Yule wa kwanza alikuja hajui kusoma chuo, akajifunza. Wa pili anahitaji kuulizwa kulikoni. Wapo wanaomaliza shahada, wakaona namba zao hazitoshi, wakalipia mwaka mmoja au miwili ya masomo ya sayansi ya ziada ili tu kuurefusha mstari uelekee juu. Na takwimu za chama cha vyuo vyao zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba GPA na MCAT vikisomwa pamoja vinabashiri maendeleo ya mwanafunzi vizuri kuliko kimoja pekee. Jambo la kawaida tu: mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Kwetu tuna nukta. Kidato cha sita ni siku chache za mwezi Mei. Stashahada ni miaka mitatu, na mlangoni inafika ikiwa imekandamizwa kuwa tarakimu mbili. Nukta haikuambii mtu alikuwa anapanda au anashuka.

Sasa wapo wasomaji watakaodhani wameona naelekea wapi, watasema: tuige, tuweke mahojiano, insha, barua za wanaomfahamu mwombaji, saa za kujitolea hospitalini, tumtazame mtu mzima. Hapana. Hapo nasimama upande wa namba, tena kwa miguu yote miwili.

Nchi hii tunaijua. Tunaijua karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili, yenye mstari mmoja, "naomba umsaidie kijana huyu", na saini inayotambulika. Mtoto wa mvuvi wa Kunduchi hana wa kumwandikia kimemo. Ana A yake ya Kemia. A hiyo haijui baba yake ni nani, haijui anaishi Masaki au Tandale, haijui anatamka vipi Kiingereza. Mbele ya jopo la watu watano wenye suti, mtoto wa shule ya kulipia atakaa sawasawa kwenye kiti, atasema alijitolea kituo cha watoto yatima likizo nzima, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu yeye likizo anayo. Mwenzake likizo aliuza samaki. Jopo litaandika kwamba mmoja ana moyo wa huduma na mwingine hajiamini.

Wala hatubuni. Tulishajaribu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba wa kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja: kwanza wafanye kazi, kisha waje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama, yaani TANU. Nia ilikuwa njema na nadhani bado ina mvuto: chuo kisijae watoto wasioijua kazi. Ilivyotokea, mtu wa kuamua kama unafaa akawa bosi wako na katibu wa tawi. Idadi ya wasichana chuoni ikashuka hadi wao wakalegezewa sharti, na baadaye sharti lenyewe likafifia. Wazee waliopita kipindi kile waulizeni ilikuwaje kumwomba katibu wa tawi barua ilhali mmegombana kwa sababu ya ng'ombe.

Kwa hiyo namba ibaki. Inavyosomwa ndiyo ibadilike.

Najua pia namba si safi kama ninavyoipamba. Mtihani wa vitendo wa Kemia ni mmoja nchi nzima, maabara si moja. Yupo mwanafunzi aliyeshika bureti mara thelathini kabla ya Mei, na yupo aliyeiona kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani, mwalimu akiazima kutoka shule jirani. Wote wanaandikiwa C, na zile si C moja. Hata hivyo kila mara ninapotaka kukata tamaa na mitihani nakumbuka mwaka 2016, Kisimiri, shule ya serikali huko Arumeru, ilipoongoza nchi nzima kidato cha sita. Jopo la mahojiano lisingeipa Kisimiri nafasi ya kwanza. Wangekuwa bado wanauliza iko wapi.

Sasa niseme ninachokitaka, maana nimezunguka vya kutosha.

Zamani tabibu alikuwa na ngazi yake. Tangu miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa na kada ya daktari msaidizi, wengi mnawajua kwa jina la AMO. Tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa alirudi chuoni kwa miaka miwili, akatoka akiwa na ruhusa ya kufanya hata upasuaji wa uzazi. Hospitali za wilaya zilisimama mabegani mwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu upasuaji wa dharura wa uzazi kwenye hospitali za wilaya ulilinganisha kazi ya AMO na ya madaktari wenye shahada, na haukukuta tofauti ya maana katika hali ya mama na mtoto. Watu hawa waliingia kwenye kozi hiyo kwa sababu walikuwa wamefanya kazi, na uzoefu ulikuwa na uzito kwenye mizani. Ngazi hiyo imeondolewa. Hoja za kuiondoa nazielewa: sera ilitaka daktari mwenye shahada kila wilaya, na hakuna mgonjwa anayependa kusikia neno "msaidizi" akiwa juu ya meza ya upasuaji. Ila tulipoitoa ngazi tukasahau kuweka nyingine. Tabibu aliyebaki chini ana njia mbili: GPA aliyoipata akiwa na miaka 23, au jiwe la Fizikia.

Mimi ningempa njia ya tatu, nayo ni mtihani. Tabibu mwenye miaka mitano ya kazi na leseni isiyo na doa aruhusiwe kukaa kwenye mtihani wa kitaifa wa kuingia MD, hata kama GPA yake ni 2.9 au 2.7. Utungwe na NECTA au chombo kingine chenye mazoea ya kulinda siri, usahihishwe kwa namba bila jina, upime Baiolojia, Kemia na Fizikia ya kiwango cha kidato cha sita pamoja na mambo ya kitabibu aliyoyaishi. Vyuo vya serikali vitenge viti vichache, hata vitano kila kimoja, kwa watakaoongoza. Asiyefika, asiingie, na kusiwe na wa kumpigia simu. Ile GPA ya zamani isomwe pembeni ya alama mpya, na hapo sasa tutakuwa na nukta mbili. Nukta mbili ni mstari.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: mitihani ya kuingia nayo huvuja. Ni kweli. India wana mtihani mmoja wa kuingia udaktari uitwao NEET. Mwaka 2024 waliufanya zaidi ya watu milioni mbili, na matokeo ya kwanza yakaonyesha watu 67 wamepata alama zote 720, nchi ikawaka moto, maandamano, kesi mahakamani, na watahiniwa zaidi ya 1,500 waliopewa alama za fidia wakafutiwa alama hizo na kupewa nafasi ya kurudia. Lakini ule wao ni mlango wa pekee wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Ninaouomba mimi ni wa mamia ya watu wazima wenye leseni, ambao wakikamatwa na karatasi iliyovuja wanapoteza kazi waliyonayo. Mwenye cha kupoteza huogopa.

Jibu la pili huwa linanikera zaidi: tukiwafungulia matabibu, zahanati zitabaki na nani? Kana kwamba sasa wanabaki. Wenye 2.9 nao wanaondoka, wanafungua maduka ya dawa, wanakwenda kuuza vifaa tiba Kariakoo, wengine nawaona wanaendesha bodaboda za kwao wenyewe huku leseni imo kwenye kabati. Kumfungia mtu mlango wa juu hakujawahi kumfanya aipende sakafu.

Wapo pia waliopita dirishani. Miaka ile kabla ya vita, mawakala mjini walikuwa wanabandika matangazo ya udaktari Ukraine kwa mwanafunzi mwenye alama za kubabaisha, baba akiwa na dola. Februari 2022 tukawaona watoto hao wanavuka mipaka kwa miguu kwenye theluji, wengine wakiwa mwaka wa tano. Kwa hao kizingiti kilikuwa akaunti ya benki. Ninalitaja hili kwa sababu wanaosema alama ndiyo ngao ya ubora wa madaktari wetu husahau kwamba ngao hiyo inamzuia tu asiye na nauli.

Na kuna kichekesho kimoja ambacho tabibu wangu ndiye aliyenikumbusha. Shahada ya MD kwa desturi haitolewi kwa madaraja. Mwenzake wa uhasibu anatoka na daraja la kwanza au la pili limeandikwa kwenye cheti. Daktari anatoka daktari. Akitaka kusomea ubingwa, karatasi zake za ndani zitafunuliwa tena, sawa. Lakini mgonjwa wa Mwananyamala hatauliza aliyemfungua tumbo alipata ngapi Fizikia, na hospitali iliyomwajiri haikuuliza pia. Namba inayotetewa kwa jino na ukucha mlangoni, ndani hakuna anayeikumbuka.

Wiki iliyopita alinipigia simu jioni, nikadhani majibu ya damu yangu yamekuja na habari mbaya. Hapana. Alikuwa anauliza kama namfahamu mtu yeyote mwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea chenye maabara. Vile alivyovipata upande wa Mbagala na Temeke vinapokea Historia, Jiografia na Kiswahili. Ukitaja PCB wanakuangalia kama umekuja kukagua. Kimoja kimemwambia kinaweza kumwandikisha, ila mtihani wa vitendo ajitafutie mwenyewe pa kujifunzia. Nikamwambia nitauliza. Kwa nyuma nilisikia mtoto analia na mama yake anaita, "Dokta! Dokta!" akakata.